Kabla hujameza tena dawa ya tumbo, wape chakula bakteria wako

Mwaka juzi nilimeza dozi tatu za antibaiotiki ndani ya miezi minne. Moja niliandikiwa. Mbili nilinunua mwenyewe dirishani kwenye duka la dawa, nikisema tu, "Tumbo linauma, nipe ya amiba." Halikupona. Jioni lilikuwa limejaa gesi hadi nalegeza kifungo cha sketi; leo naharisha, kesho sipati choo.

Daktari aliponipima akakosa amiba na taifodi, akaniuliza nakula nini. Nikamtajia: chai na maandazi, chipsi mayai, usiku wali mweupe. Hapo ndipo alipokaa kunielewesha.

Utumbo mpana una bakteria wengi mno wanaotufaa. Wanakula nyuzinyuzi, yaani yale ya kwenye maharage, mboga na nafaka isiyokobolewa ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuyameng'enya. Wanayachachusha, na katika kuchachusha wanatoa asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Seli zikishiba, ukuta unashikamana na kinga ya mwili inatulia. Bakteria wakikosa nyuzinyuzi, wapo wanaogeuka na kuula ute unaoulinda ukuta. Ukuta ukibaki wazi, kinga inakurupuka, na utumbo unaanza kuvimba na kuwaka ndani kwa ndani: inflamesheni. Antibaiotiki nazo huwafyeka hata hao wema.

Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti uliofanyika hukuhuku Kilimanjaro kwa vijana wa kiume 77. Waliozoea chakula cha asili walipohamia cha kizungu kwa wiki mbili, viashiria vya inflamesheni vilipanda kwenye damu yao. Waliohamia cha asili, vilishuka, na kundi lililokunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachushwa, kwa wiki moja lilionyesha dalili kama hizo za nafuu. Wiki mbili tu, jamani! Mbege ni pombe, hivyo simshauri mtu aianze kwa sababu hiyo. Mimi nilichagua mtindi usio na sukari.

Nilianza na makande ya mama mkwe. Analoweka mahindi na maharage usiku kucha, asubuhi anamwaga yale maji, anainjika sufuria kwenye kuni na haondoki mpaka punje ibonyee kati ya vidole viwili. Siku ya kwanza nilikula sahani nzima, nikalala nimeshika tumbo. Usifanye hivyo. Anza na vijiko vitatu au vinne, ongeza kidogo kidogo kila wiki, na kunywa maji ya kutosha. Kisha nikaongeza kiburu cha ndizi na maharage, mboga ya mnafu, na ugali wa dona badala ya sembe. Mwezi wa pili ulipokwisha, choo kilikuwa kimekaa sawa na gesi imepungua sana.

Lakini ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, una homa, au maumivu yanakuamsha usiku, acha makande kwanza, nenda hospitali. Na ukipimwa ukaandikiwa antibaiotiki, meza kama ulivyoelekezwa. Ninachokuomba usifanye ni kile nilichofanya mimi dirishani pale, kununua dawa ya amiba ambayo hakuna mtu aliyeiona kwenye hadubini.