Anti, nashindwa hata kusema "shukisha"

SWALI: Anti habari. Nina miaka 26, nafanya kazi kwa ofisi moja Industrial Area. Nikiwa kwa matatu ya kuenda Donholm, stage yangu ikikaribia moyo unaanza kudunda, napanga "shukisha hapo mbele" kwa kichwa, nairudia, nairudia, halafu stage inapita sijasema kitu, nashuka mahali mwingine ameshukia narudi kwa miguu. Kazini mkutano ukiitwa silali. Chama niliacha, harusi natoroka. Imekuwa hivi tangu sekondari. Mama anasema niombe, marafiki wanasema ni aibu tu, itaisha. Sasa naambiwa niende therapi, lakini kuongea ndio shida yenyewe, nitapona aje kwa kuongea na mtu simjui?

JIBU: Pole sana binti yangu, na asante kwa kuandika. Hiyo si aibu ya kawaida. Mwenye aibu akikaa kwa harusi kidogo anazoea, pilau ikija utamsikia akicheka. Wewe umefika mahali unapanga maisha yote kwa kukwepa watu, na ni miaka, huo ni ugonjwa wa wasiwasi wa kuogopa watu (social anxiety) ambao madaktari wanaujua, uliingia kwa kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani tangu 1980, na unatibika.

Therapi inayosaidia sana kwa shida yako inaitwa CBT, yaani tiba ya kubadilisha vile unafikiria na vile unafanya, na hiyo ni kazi ya vitendo zaidi ya maongezi. Mwaka wa 1995 wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza kwa nini hofu hii haiishi hata kama unakutana na watu kila siku. Ukiwa kati ya watu akili inaacha kuwaangalia inaanza kukuangalia wewe, sauti inatetemeka? jasho linaonekana? halafu unajikinga, unapanga sentensi, unaweka earphone, unainamia simu. Huko kujikinga ndiko kunalisha hofu, juu mambo yakienda sawa unasema ni kwa sababu nilijipanga, hujawahi kupata nafasi ya kuona kama mambo yangeenda sawa hata bila kujipanga.

Kwa hivyo mshauri atakuambia kwanza andika unachoogopa, mfano gari nzima itageuka iniangalie na konda atanicheka. Halafu unaenda unasema shukisha bila kuirudia kichwani, na badala ya kusikiliza moyo unaangalia abiria. Wangapi wamegeuka? Wengi wako kwa simu zao, konda anagonga bodi gari inasimama. Hiyo nayo unaiandika kando ya ile ya kwanza. Ukizoea mnaenda kwa mambo magumu zaidi, unauliza bei dukani unatoka bila kununua, unakosea neno makusudi kwa mkutano. Washauri wengine wanakurekodi video ukiongea ndio ujione vile watu wanakuona, na wengi wanashangaa kwamba ile tetemeko waliyokuwa wanaisikia ndani haionekani kabisa. Ni kitu ya miezi mitatu minne hivi, wiki kwa wiki, na wiki za kwanza ni ngumu, sikufichi.

Maombi endelea nayo, mama asione unamkataa. Kuna dawa pia, lakini hizo ni za kuandikiwa na daktari, na usianze kunywa pombe ndio uchangamke, hapo utapata shida mbili.

Hospitali ya Mathari pale Thika Road wana kliniki ya magonjwa ya akili, Hospitali ya Kenyatta pia wako nayo. Ukienda kwa mtu binafsi uliza kama amesajiliwa, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na uliza wazi kama anafanya CBT ya kuogopa watu, juu ukipata mwenye atakuambia tu "jiamini" kila wiki utamaliza pesa bure. Ukishindwa kupiga simu ya kubook tuma meseji, hakuna ubaya, hiyo ya kupiga simu mtaifanyia kazi wewe na mshauri.