Kata ya bibi imenipa kazi

Juzi dada mmoja wa Arusha kaniandikia: "Kaka, mawazo unayatoa wapi? Mimi nakaa mbele ya turubai mpaka rangi inakauka." Namjibu hapa, maana najua wachoraji wengi mnalala na swali hilohilo.

Mimi nayatoa kwenye kata ya mbege ya bibi yangu, Old Moshi: chombo cha kunywea mbege, pombe yetu ya ndizi. Ni ya kibuyu, mpini umelainika kwa viganja vya watu, ndani nyeusi tii. Ubavuni ina ufa ulioshonwa kwa uzi, mishono 11. Nimeichora kwa mkaa, kwa wino, kwa rangi ya mafuta.

Zamani nilichora Kilimanjaro na tembo mbele yake, kama wenzangu wote pale mjini. Nikapeleka mchoro wa kwanza wa kata kwa mwenye duka mmoja. Akasema, "Hicho chombo cha jikoni, wapelekee mama ntilie." Hadi leo nikipita pale natazama upande wa pili. Mwezi uliopita picha 4 za mishono ile zimeuzwa kwa siku moja. Namshukuru Mungu hadharani.

Ila nilikosea, na bado inaniuma. Kabla ya maonyesho niliipaka kata vanishi ing'ae. Shangazi akaiinua, akainusa. Ile harufu ya ndizi zilizochemshwa, ulezi na uchungu wa gome la msesewe, iliyodumu humo tangu enzi za bibi, haikuwepo. Akairudisha mezani polepole. "Mama hayumo tena humu." Nilijaribu msasa. Wapi.

Kwa hiyo nawaambieni, ndugu zangu: kitu cha ukoo msikisafishe, msikipake chochote. Kichore kilivyo. Kichore tena. Ukichoka, kigeuze uchore upande wa pili. Na uulize! Mimi nilichora miaka 2 bila kuuliza nani aliyeishona. Kumbe babu, yule tuliyemwogopa sote. Aliiangusha mwenyewe, bibi akanuna, naye akakaa jikoni usiku na sindano ya magunia. Mishono ya mwanzo imepinda, ya mwisho imenyooka. Tangu nijue hivyo naanzia kuchora pale uzi ulipoanzia, na mkono wangu umebadilika.

Dada, umesema kwenu kuna mtungi wa bibi umefichwa stoo. Utoe Jumamosi hii. Bibi yupo hai, kaa naye, mwulize nani aliutumia mara ya mwisho na siku hiyo kulikuwa na nini. Brashi iache nyumbani.