Shusha utambi, usizime taa

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa Ukerewe. Siku za giza aliingia ziwani jioni na karabai zake. Mbalamwezi ikiwaka alibaki nyumbani, maana ziwa likiwa jeupe dagaa hawaifuati taa.

Alipofariki, watu walinijia na maneno makubwa. "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, wewe ndiye mkubwa." Walisema kwa upendo, najua, ila macho yaliyolia siku tatu hayastahimili mwanga mkali.

Aliyenisaidia ni mama. Usiku ule matanga yalipokwisha na wageni wameondoka, nilitaka kuzima chemli nilale. Akanishika mkono. "Shusha utambi, mwanangu. Usizime." Ukabaki ulimi mdogo wa moto, wa kutosha kuona mlango tu. Asubuhi akaitoa chimni, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa kipande cha gazeti mpaka masizi yakahamia vidoleni mwake. Alifanya hivyo kila siku, hata siku ambazo chakula hakikupita kooni.

Kwa hiyo wewe uliyefiwa, usijilazimishe kung'aa. Mimi nilirudi kazini wiki ileile nionekane imara, nikagombana na kila mtu. Utambi ukipandishwa kupita kiasi hutoa moshi, na kioo chenyewe huwa cheusi. Kama rozari nzima imekushinda, sali kipande. Kwa miezi mingi sala yangu ilikuwa "na mwanga wa milele umwangazie", basi, nikaishia hapo. Oga. Fagia uwanja. Lia ukitaka kulia, hata mbele ya watoto.

Na wewe unayekwenda kuhani, usieleze kifo. Chota maji, osha masufuria, kaa pale mkekani. Jirani yetu mmoja alikuja jioni nyingi, akakaa na mama bila kusema neno, na mpaka leo mama humtaja.

Kwenye misa ya mazishi mshumaa wa Pasaka uliwekwa karibu na jeneza. Sikuujali. Mwaka uleule tukambatiza mwanangu kanisani palepale, nikaambiwa niwashe mshumaa wake kutoka kwenye ule mkubwa. Nikaziona tarakimu za mwaka zilizochorwa kwenye nta, nikautambua. Mkono ulitetemeka, nta ikanidondokea kidoleni. Sikuibandua mpaka misa ilipokwisha.