Kabidhi funguo ungali na nguvu

Ukiingia makanisa mengi ya huku kwetu Kagera, hukosi kuona jiwe la msingi lenye jina la askofu aliyeliweka na tarehe yake. Sina ugomvi na mawe hayo. Ila nimekaa kwenye baraza la wazee muda wa kutosha kujua kwamba jiwe halikwambii lolote kuhusu hali waliyoiacha viongozi siku walipoondoka: kama daftari la fedha lilikuwa na kurasa zake zote, kama hati ya kiwanja ilijulikana iko wapi, kama alikuwepo hata mtu mmoja aliyeweza kuendesha kikao bila wao. Vijana wanaochaguliwa uzee wa kanisa huniuliza wafanye nini ili wakumbukwe kwa mema. Jibu langu huwa haliwafurahishi sana. Nawaambia: tangu mwaka wako wa kwanza, tafuta wa kumpa funguo.

Musa alilijua hilo, na halikumjia kirahisi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 3 anasimulia mwenyewe jinsi alivyomsihi Bwana amruhusu avuke Yordani, akakataliwa, akaambiwa asiliseme tena neno hilo. Kwa hiyo alikuwa mtu kama sisi, alitamani kumaliza safari. Lakini ukifungua Hesabu 27 unakuta ombi jingine kabisa. Anaomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano ili watu wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Hamtaji mwanawe yeyote. Na agizo analopewa lina jambo ambalo wahubiri wetu hulipita haraka: amsimamishe Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya mkutano wote, kisha amwekee sehemu ya heshima yake. Sehemu, na Musa mwenyewe yupo pale anatazama. Yoshua alionekana kiongozi machoni pa watu kabla ya msiba, si baada yake.

Tofautisha na desturi yetu. Makamu mwenyekiti hajawahi kuendesha kikao hata kimoja kwa sababu mwenyekiti hakosi. Mwinjilisti msaidizi hupewa mimbari siku ya mvua kubwa tu. Mwenyekiti akipata kiharusi ndipo tunakumbuka kuna makamu, naye anaanza kujifunzia kazi kwenye matanga.

Sisi Walutheri wa Buhaya, nchi ya Wahaya hapa Kagera, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Askofu wa kwanza wa kanisa hili alikuwa Bengt Sundkler, Msweden, profesa wa Uppsala, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1961. Angeweza kukaa. Alikuwa na elimu, aliheshimika duniani, na hakuwa mzee. Mwaka 1964 nafasi ikachukuliwa na Josiah Kibira, mtoto wa hapahapa, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 40. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulifanyika Dar es Salaam, na Kibira akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Ndio mkutano uleule uliotamka kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni jambo la imani, si la siasa tu.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba Kibira hakuokotwa njiani. Alikuwa amesomeshwa, akafika Bethel huko Ujerumani, akafika Boston huko Marekani. Kuna watu walioamua mapema kwamba fedha zitumike kwa kichwa cha mtu, wakati makanisa yenyewe bado yalikuwa ya nyasi na udongo sehemu nyingi. Kwa upande wa wenyeji, kanisa la Buhaya lilikwisha kuzoea kusimama lenyewe. Injili ilianza kusomwa huku na watu waliotoka Uganda na vitabu vyao, kabla wamisionari Wajerumani wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, ni walimu na wasomaji hao walioendelea kukusanya watu na kufundisha.

Basi angalia bajeti ya usharika wako. Fungu la ujenzi huwa refu, lina bati, nondo na saruji. Fungu la mafunzo ya viongozi huwa mstari mmoja, mara nyingi limeandikwa tu ili lionekane, na likikosa fedha hakuna anayelalamika. Kama wewe ni mzee wa kanisa na unataka kuacha kitu, pigania mstari huo. Mwalimu mmoja wa kwaya akipelekwa kusoma muziki, atawafundisha watoto ambao hutawahi kuwajua majina.

Nimekuwa mtunza hazina, kwa hiyo mnivumilie nikae kwenye fedha kidogo.

Baada ya ibada kuna mnada. Watu wameleta mikungu ya ndizi, mayai, kuku aliyefungwa miguu, na ukifika msimu, senene. Anayenadi anapiga kelele, mama mmoja ananunua mkungu kisha anaurudisha unadiwe tena, watu wanacheka. Huku ndani ofisini meza imejaa noti zilizokunjwa ndogo sana, nyingine bado na joto la kiganja, na sarafu ambazo lazima zipangwe mafungu kumikumi. Hapo ndipo uaminifu wa kiongozi unapojengwa au unapobomoka, wala si mimbarini. Utaratibu niliopokea kwa waliotangulia, na ambao nimeushikilia, ni huu: hahesabu mtu mmoja, hata awe nani. Wanahesabu watatu wasio wa nyumba moja, wanaandika kwa wino, wote wanaweka sahihi kabla yeyote hajatoka mlangoni, na jumla inatangazwa Jumapili inayofuata hadi shilingi ya mwisho. Mchungaji hagusi. Siyo kwamba hatumwamini. Tunamlinda asije akasingiziwa.

Watu wengine huona haya kulisema hilo, kana kwamba ni kukosa imani. Paulo hakuona haya. Katika 2 Wakorintho 8 anaeleza kwamba mchango wa kwenda Yerusalemu haubebi peke yake, anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu kuhusu fedha hiyo. Kama mtume aliona vema asiaminiwe peke yake, wewe na mimi ni nani?

Siku hizi kuna la simu. Sadaka na ahadi zinatumwa kwa simu, jambo jema, lakini nimeona mahali namba inayotangazwa ni ya kiongozi mwenyewe. Fedha ya Bwana inaingia mfuko mmoja na ada ya shule ya watoto wake. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini akifa usiku, asubuhi fedha hiyo ni mirathi. Fungueni lipa namba yenye jina la usharika, iunganishwe na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Ni kazi ya siku chache.

Kiwanja vilevile. Kizazi cha wazee wetu kilikuwa na watu wakarimu waliotoa mashamba kwa mdomo, au walionunua eneo kwa jina la mzee mmoja kwa sababu ndiye aliyekuwepo siku hiyo. Mzee akilala, wajukuu wanakuja na karatasi, na kesi inaanza baina ya kanisa na familia iliyolijenga. Hakuna urithi mchungu kama huo. Ardhi ya kanisa iandikwe jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, basi. Ukiwa na karatasi ya namna hiyo kabatini kwako, ipeleke wiki hii.

Sasa, kuhusu kumpata huyo wa kumkabidhi. Kosa ninaloliona sana ni kutafuta mtu anayefanana na sisi, au mtoto wetu. Soma 1 Samweli 8 na 12 kwa pamoja. Katika sura ya 12 Samweli anasimama mbele ya Israeli yote anawaambia wamshuhudie: amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemwonea nani, amepokea rushwa ya nani? Wanajibu kwamba hakufanya hivyo kwa mtu yeyote. Ni ukaguzi safi kuliko wowote ninaoujua. Lakini sura nne kabla ya hapo, wana wake Yoeli na Abiya, aliowaweka yeye mwenyewe kuwa waamuzi huko Beer-sheba, walikuwa wakila rushwa. Mikono ya baba ilikuwa safi na haikuwasaidia wale vijana chochote. Samweli, ambaye alikulia nyumbani mwa Eli na kuyaona ya wana wa Eli kwa macho yake! Hapo mimi huwa nashindwa kumwelewa, nami nina watoto.

Kwa hiyo katika kuchagua, jina la ukoo liweke pembeni. Aliyechukua hazina baada yangu ni binti mwenye kibanda cha wakala wa fedha sokoni. Wapo waliosema ni mdogo, wengine wakasema ni mwanamke. Mimi nilichoangalia ni kwamba jioni hafungi kibanda mpaka hesabu zikubali, hata ikikosekana mia mbili. Nilimwomba mchungaji amruhusu binti huyo akae nami mezani kwa muda mrefu kabla ya uchaguzi, aandike yeye, mimi nisome. Kisha nikaomba taarifa ya robo mwaka aisome yeye mbele ya baraza nikiwa bado ofisini. Mzee mmoja akauliza swali kali kuhusu mafuta ya jenereta. Binti akanigeukia. Nikafungua kitabu cha nyimbo nikawa natafuta namba ambayo sikuihitaji. Akanyamaza kidogo, akapekua stakabadhi, akaipata, akaisoma. Tangu siku hiyo maswali ya fedha yaliacha kuja kwangu, yakaenda kwake. Nisingefungua kile kitabu, ningemjibia, na angebaki karani wangu.

Si rahisi kukaa kimya namna hiyo. Watu humtaja sana Mwalimu Nyerere kwa kung'atuka, na ni kweli aliachia urais mwaka 1985, mfano ambao Afrika ilikuwa haijauzoea. Lakini uenyekiti wa chama aliendelea nao hadi 1990. Simlaumu. Nasema tu kwamba hata kwa aliyeamua kwa dhati, mkono huachia kidole kimojakimoja.

Na ukishakabidhi, ondoka ofisini kweli. Huyu wangu ameacha leja yangu ya jalada gumu, anatumia kompyuta. Amehamisha saa ya kuhesabu. Mistari miwili ya taarifa niliyoipenda ameifuta kwa sababu, anasema, inachanganya watu. Akiniuliza namjibu. Asiponiuliza nanunua mkungu wangu mnadani, nakwenda nyumbani kwa mama watoto. Wapo wastaafu ambao kila wiki hupita ofisini "kusalimia tu", na kila salamu ina maelekezo ndani yake.

Mwisho ni karatasi ya makabidhiano, ambayo wengi huidharau. Iandike kabla hujaugua. Taja vitabu vyote vya stakabadhi kwa namba zake, vilivyotumika na visivyotumika, salio la benki na la simu, madeni mnayodai na mnayodaiwa, nani ana funguo gani, hati zilipo, na ahadi ambazo usharika umetoa kwa watu, hasa zile za mdomo: yatima mliyesema mtamlipia shule, fundi anayesubiri nusu yake. Mweke sahihi wewe, mpokeaji, na katibu, mchungaji akiwa shahidi. Nakala moja ibaki kwenye jalada la usharika, nyingine ipelekwe jimboni.