Waumini wa kwanza hawakulazimishwa kuuza mali zao

Je, mtu alilazimika kuuza mali yake ili aingie kanisani? Hapana, haikuwa sharti. Soma Matendo ya Mitume 5:4: Petro anamwambia Anania, muumini aliyeuza kiwanja, kwamba kiwanja kilikuwa chake kabla hakijauzwa, na hata kilipokwisha kuuzwa fedha zilikuwa mikononi mwake. Kosa lake lilikuwa uongo: alificha sehemu ya thamani, akaileta iliyobaki kama ndiyo yote.

Kinachochanganya wengi ni Matendo 2:45, "wakauza mali zao". Hiyo -ka- inasikika kama wote waliuza siku moja. Kigiriki kina kitenzi cha jambo linalojirudia, yaani "walikuwa wakiuza", kila haja ilipojitokeza. Ndiyo maana kwenye Matendo 12:12 Mariamu, mama yake Yohana Marko, bado ana nyumba, na waumini wanakusanyika humo kuomba.

Ila usilipunguze neno "ushirika" la Matendo 2:42 likawa kuketi pamoja na kuimba tu. Kwa Kigiriki ni koinonia, neno lile lile ambalo Paulo analitumia katika Warumi 15:26 kwa mchango wa maskini wa Yerusalemu. Mfuko wa michango ulikuwamo, tena kwa hiari (2 Wakorintho 9:7).

Na mambo hayakwenda shwari muda wote. Katika Matendo sura ya 6 wajane wa Wayahudi waliozungumza Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku, manung'uniko yakazuka, wakachaguliwa watu saba kuusimamia. Majina yao yote saba ni ya Kigiriki, jambo ambalo wahubiri wengi hulipita.