Daktari wetu yuko kizimbani: tumsaidieje?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Majengo na Kisauni hapa Mombasa, na karibu zote zinauliza jambo moja: daktari wa mtaa ameshtakiwa kwa kuua bila kukusudia baada ya mgonjwa wake kufariki, na watu aliowatibu miaka mingi wanataka kusimama naye. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo hatumtaji, wala hatugusi yaliyotokea chumba cha matibabu. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yatamfaa yeyote aliyefikwa na hali kama hiyo.

Assalamu alaykum. Daktari alishikwa Ijumaa jioni, na Jumatatu anapelekwa kortini. Tuko watu sita tayari kumdhamini. Tubebe nini?
*Msomaji, Majengo*

Waalaykumu salaam. Kwanza, kulala kwake ndani wikendi hakuvunji sheria. Ibara ya 49 ya Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha wakati mahakama zimefungwa, hupelekwa siku ya kwanza ya kazi. Ibara hiyohiyo inampa haki ya dhamana kwa masharti yasiyomlemea, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito ya kumnyima. Ukubwa wa shtaka peke yake haufungi mlango.

Watu sita ni wengi. Mara nyingi mahakama hutaka mdhamini mmoja au wawili, na hapo chagueni mwenye karatasi safi, si mwenye kanzu nyeupe kuliko wote. Aje na kitambulisho asili na nakala zake, cheti cha PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), picha za pasipoti, barua ya chifu wa mahali anapokaa, na hatimiliki asili ya ardhi pamoja na matokeo ya upekuzi ya karibuni kutoka ofisi ya ardhi na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Hatimiliki hiyo hubaki mahakamani mpaka kesi iishe, na muda wote huo ardhi haiuziki.

Hapa Mombasa ndipo wengi hukwama. Mwenye nyumba ya Majengo ana nyumba kweli, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, naye hulipa kodi ya kiwanja tu. Nyumba bila ardhi haina hatimiliki, kwa hiyo hata ikiwa na ghorofa tatu haitamtoa mtu rumande. Ardhi ya wakfu nayo msiipeleke. Wengine huja na hati iliyo bado katika jina la marehemu babu, mirathi haijapita kwa Kadhi, na hakimu huirudisha papo hapo. Hati ya ndugu watatu inahitaji ridhaa ya wote watatu, na nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mke au mume. Haya yote yaangalieni Jumamosi, si kwenye korido ya korti Jumatatu.

Hata karatasi zikiwa sawa, kuhakikishwa kwake huchukua muda, na daktari anaweza kungoja gereza la Shimo la Tewa siku kadhaa hivi hivi. Mwambieni wakili aombe dhamana ya pesa taslimu kama njia mbadala ya bondi, yaani dhamana ya mdhamini na mali yake. Kiasi kikiwa kikubwa mno, wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kipunguzwe.

Na mdhamini aelewe anachotia saini. Daktari akikosa kufika bila sababu, mahakama inaweza kumdai yeye kiasi kizima. Akibadili nia asinyamaze wala asikimbie: aende mahakamani kuomba aondolewe. Lakini ajue kwamba daktari atarudishwa ndani mpaka apatikane mdhamini mwingine.

Tumeanza mchango kwa M-Pesa ya kijana mmoja mwaminifu. Kuna ubaya?
*Msomaji, Kisauni*

Uaminifu wake hatuutilii shaka. Tatizo ni laini yake. M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, wala salio kupita 500,000. Mchango ukichanganya, pesa za watu zitaanza kukataliwa, na maneno yataanza mtaani. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na kila malipo yatiwe saini na wawili kati yao. Orodha ya waliochanga na waliolipwa ibandikwe kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa.

Tenganisheni mafungu mawili tangu mwanzo. Pesa ya dhamana hurudi kesi ikiisha, madhali mshtakiwa alihudhuria. Ada ya wakili hairudi. Na hurudishiwa nani? Yule ambaye jina lake liko kwenye risiti ya mahakama. Tumeona michango ya mtaa mzima ikirudi mikononi mwa mtu mmoja, na undugu ukavunjika hapo. Kabla ya kulipa, andikeni karatasi ya mstari mmoja au miwili, itiwe saini mbele ya wakili, inayosema mwenye jina la risiti ameshika amana ya watu, na pesa zikirudi zitakwenda wapi. Risiti asili ipigeni picha, kisha muifungie mahali pa salama. Mtaitafuta miaka mitatu baadaye.

Malipo ya dhamana hupitia mfumo wa malipo wa serikali. Hakuna noti anazokabidhiwa karani, na anayewaambia "nipeni mimi nitawapelekea" mwacheni hapo hapo. Na mkitaka kupita na mikebe barabarani au nyumba kwa nyumba, hilo ni kusanyo la umma na lina leseni yake. Michango ya kundi lenu wenyewe ni jambo jingine.

Wagonjwa zaidi ya mia wanataka kumwandikia hakimu kwamba daktari hana hatia. Tupeleke wapi?
*Msomaji, Old Town*

Barua hizo zikiandikwa hivyo, msizipeleke popote. Mwandishi hakuwemo chumbani. Neno lake juu ya hatia halina uzito, na huenda likamkera hakimu. Barua ifaayo ni fupi: jina kamili na nambari ya kitambulisho, anamjua daktari tangu mwaka gani na kwa njia gani, na jambo moja au mawili aliyoyaona kwa macho yake. "Tangu 2009 ananitibu sukari, na mara mbili alinipeleka hospitali kwa gari lake usiku" inashinda kurasa mbili za "mtu wa watu". Kesi yenyewe isitajwe. Marehemu asitajwe kabisa.

Barua kumi zinatosha, zitoke kwa watu tofauti: imamu au padri, mwenye duka la dawa, mzee wa mtaa, muuguzi, wagonjwa wachache. Zote apewe wakili, hakimu asiandikiwe moja kwa moja. Kazi kubwa ya barua hizo ni wakati wa dhamana, hasa mahakama ikiagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huyo huulizia makazi, familia, kazi na mtaa unamchukuliaje mshtakiwa, kwa hiyo mpeni wakili majina na simu za watu watakaopatikana wakipigiwa.

Kwenye kesi yenyewe wakili ndiye apime. Sheria ya ushahidi inaruhusu mshtakiwa kuonyesha tabia yake njema, lakini akishafungua mlango huo, upande wa pili nao unaweza kuleta ubaya wake.

Vijana wanataka kuandamana hadi ofisi za mashtaka. Ruhusa inatoka wapi?
*Msomaji, Likoni*

Ibara ya 37 inawapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, kwa hiyo si ruhusa mnayoomba, ni notisi mnayotoa. Mpelekeeni OCS, mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo hilo si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Notisi itaje jina na anwani ya mwandalizi, tarehe, njia mtakayopita, na saa kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri.

Lakini mwandamane mkitaka nini? Kwa ibara ya 157, Mkurugenzi wa Mashtaka haamrishwi na mtu yeyote, na akitaka kuiondoa kesi lazima mahakama imkubalie. Ofisi yake ina mwongozo wa 2019 wa kuamua kushtaki, wenye mizani miwili: ushahidi unatosha? na maslahi ya umma yanataka mashtaka? Kelele haziugusi mzani wa kwanza. Barua ya wakili yenye maoni ya daktari bingwa inaugusa. Bango la "Achilieni daktari" mbele ya familia iliyofiwa lina gharama nalo.

Wazee waende kwa wafiwa na rambirambi, wawaombe waiache kesi?
*Msomaji, Tudor*

Rambirambi kama majirani, ndiyo, tena bila kutaja kesi. Kuwaomba waiache, hapana. Kesi ni ya Jamhuri, wafiwa hawawezi kuifuta hata wakitaka. Wengi wao ni mashahidi, na bahasha ikiingia humo inaweza kusomwa kama kuingilia shahidi, ambalo ni kosa peke yake na sababu ya kwanza ya kufuta dhamana. Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa wafiwa nafasi ya kusikizwa. Likiwepo la kuzungumza, lianzie kwa wakili wa daktari.

Zahanati ibaki wazi? Na mafaili?
*Msomaji, Changamwe*

Kushtakiwa si kufutiwa leseni. Isipokuwa mahakama au Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno limemzuia, anaweza kutibu, ila leseni yake na ya zahanati zisichelewe kuhuishwa. Akiwa ndani, atibu mwenye leseni tu. Muuguzi "anayejua dawa zake zote" asikae kitini pake.

Faili la marehemu lisiguswe. Asije mtu akasafisha mwandiko au kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa nia njema. Wino mpya hutambulikana, na daktari ndiye atakayeulizwa. Lipigwe nakala mbele ya wakili na kurasa zihesabiwe. Polisi wakilichukua, andikeni nambari ya afisa na orodha ya walichobeba. Kurasa hizo zisipite kundini: siri ya mgonjwa inalindwa na sheria hata dhidi ya marafiki wa daktari.

Siku ya kesi tuende wangapi?
*Msomaji, Bamburi*

Kesi husikizwa hadharani, lakini viti ni vichache. Ishirini watulivu wanatosha, kwa zamu. Angalieni orodha ya kesi usiku uliotangulia, kwani kutajwa kwa kesi mara nyingine hufanywa kwa njia ya mtandao na hakuna haja ya safari. Simu zizimwe, msirekodi, msipige makofi uamuzi ukisomwa. Na mmoja wenu awe na daftari la kuandika tarehe ijayo, kwa sababu korti huitaja mara moja tu, upesi, na nusu ya watu huondoka wamesikia tarehe tofauti.