Picha ya 3D huanzia mezani: kwa mnaoanza kazi ya CT

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye vyumba vya CT (mashine ya mionzi inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande) hapa Dodoma, wengi wenu nawaona mnakimbilia kujifunza kuizungusha picha ya 3D kwenye kompyuta. Inavutia, sikatai. Lakini ubora wake huwa umeshaamuliwa mgonjwa akiwa bado mezani.

Anzeni na unene wa vipande, yaani picha za mkato ambazo kompyuta huziunganisha kuwa 3D. Vijana wa bodaboda wanaletwa wakiwa wameumia uso, na daktari wa upasuaji anataka kuona taya lilivyokaa. Ukimtengenezea 3D kwa vipande vya milimita 5, taya linatoka na ngazi-ngazi. Kwa uso shukeni hadi milimita 1 au pungufu, na vipande vipandiane kidogo: unene milimita 1, hatua kutoka kipande hadi kipande 0.7. Kisha angalieni upana wa eneo la picha. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, kwa kawaida ni 512 kwa 512. Eneo likiwa milimita 500, kila pikseli inabeba karibu milimita nzima. Likiwa 250, karibu nusu yake. Msitumie kichujio kikali (hesabu ya kompyuta inayokazia kingo) kwa 3D, kinaleta chengachenga juu ya mfupa. Hicho ni cha kusomea nyufa kwenye vipande.

Kuna jambo ambalo nawasihi mlielewe kwa undani. Kompyuta huchora mfupa kwa kufuata kiwango cha Hounsfield (namba inayoonyesha kitu kinazuia mionzi kiasi gani) unachoiwekea. Maji ni 0, hewa ni -1000, mfupa mgumu unapita mamia kadhaa. Sakafu ya tundu la jicho ina sehemu nyembamba chini ya milimita 1, na chini yake kuna hewa ya sinasi (uwazi ndani ya mfupa wa uso). Vikiingia pamoja kwenye vokseli moja (pikseli pamoja na unene wa kipande), wastani unaangukia chini ya kiwango na mfupa unafutwa. Utaona shimo ambalo mgonjwa hana. Ukishusha kiwango ili shimo lizibe, ufa wa kweli ulio mwembamba unazibika nao! Ndiyo maana siamini mvunjiko wowote uliosomwa kwenye 3D peke yake, wala siamini kwamba hakuna mvunjiko kwa kuwa tu hauonekani humo. Rudini kwenye vipande kila mara.

Mgonjwa akitikisika, hasa mtoto au aliyegongwa kichwa, taya linaweza kuonekana limekatika na kusogea. Washeni ngozi kwenye picha hiyohiyo. Ngozi nayo ikiwa imekatika usawa uleule, huyo alijitikisa.

Kwa nyonga, muulizeni daktari anataka kuona nini kabla hamjamtumia picha. Mara nyingi anataka kikombe cha nyonga, nacho kimefunikwa na kichwa cha mfupa wa paja. Uondoeni mfupa wa paja kwenye picha, kikombe kibaki wazi. Na alama za kulia na kushoto zibaki zikionekana hata mkiigeuza picha, kwa sababu hiyo inaweza kuingia chumba cha upasuaji.

Mwisho ni data ghafi, yaani vipimo vya mashine kabla havijageuzwa kuwa picha. Mashine huifuta yenyewe nafasi ikijaa, na ikishafutwa, vipande vya milimita 5 vilivyohifadhiwa havigeuki kuwa vya milimita 1. Vipande vyembamba vinatengenezwa kutoka kwenye skani ileile bila kumwongezea mgonjwa mionzi. Vitengenezeni zamu ileile, mvihifadhi na kwenye CD anayopewa mgonjwa, maana wapo wanaotoka Kondoa au Manyoni na kuwarudisha kwa kipimo cha pili ni nauli na mionzi ambayo hawakuihitaji.